SOMO LA KOMPYUTA: KUFUNGA POTI ZA SWICHI BILA KUJIFUNGIA NJE



Katika chumba chetu cha kompyuta kuna swali tunaloulizwa karibu kila siku: "Mbona nikichomeka kebo kwenye laptopu yangu intaneti haiji, na mwenzangu hapo pembeni anaipata?" Wengine hudhani kebo ni mbovu. Wengine hudhani kuna upendeleo. Ukweli ni kwamba swichi imefungwa kwa makusudi. Somo la leo linaeleza imefungwa namna gani, kwa sababu gani, na nani anaweza kuifungua.

Somo ni la wanafunzi wa darasa la mitandao, lakini pia ni la wanakamati, walimu na wazazi. Asiyesomea kompyuta anaweza kuruka mistari ya amri. Sehemu zilizobaki asiziruke, kwa sababu kuamua nani aingie na nani asiingie si kazi ya fundi peke yake.

TULIVYOJIFUNGIA NJE

Kwanza tuseme kosa letu. Tulipojifunza kufunga poti tulifurahi, tukazifunga zote kwa njia kali kuliko zote: kompyuta ngeni ikichomekwa, poti inazimika kabisa. Kwa wiki kadhaa mambo yalikwenda vizuri.

Siku moja kompyuta ya meza ya saba iliungua. Tukaleta nyingine, tukaichomeka kwenye kebo ileile. Taa ya poti haikuwaka. Kijana wa zamu akafikiri poti imekufa, akahamishia kebo kwenye poti ya nane. Nayo ikazimika. Akajaribu ya tisa, kisha ya sita. Alipoona hivyo akaanza kubadilisha kebo za kompyuta zilizokuwa zikifanya kazi, nazo zikazimika moja baada ya nyingine. Kabla ya jua kutua chumba kizima kilikuwa hakina intaneti. Mwenye neno la siri alikuwa mimi, na siku hiyo nilikuwa nimekwenda mjini.

Siku hiyo ilikuwa ya mwisho kutuma maombi ya nafasi za masomo. Vijana sita walikuwa wamekaa wakisubiri. Watano walipata njia nyingine kwa simu za jamaa. Dada mmoja hakupata, na nafasi ile ikampita. Hakuna mwizi aliyeingia siku ile. Kufuli letu lilifanya kazi yake barabara, ila liliwafungia wenye nyumba.

Tangu siku hiyo tunafundisha somo hili kwa utaratibu mwingine: kwanza orodha, pili kufuli, tatu funguo kwa watu wawili.

1. SWICHI NI NINI

Hapa hatuzungumzii swichi ya kuwashia taa. Swichi ya mtandao ni kisanduku chenye matundu ya kuchomekea kebo, na kila tundu huitwa poti. Kazi yake ni kupokea ujumbe kutoka kompyuta moja na kuupeleka kwa kompyuta inayohusika, bila kuwasumbua wengine.

Swichi huzitambua kompyuta kwa anwani ya MAC. Kila kadi ya mtandao hutoka kiwandani na anwani yake, yenye tarakimu na herufi 12, kwa mfano 00-1A-2B-3C-4D-5E. Sita za mwanzo huonyesha kampuni iliyotengeneza kadi, na sita za mwisho ni za kadi yenyewe. Ukitaka kuiona ya kompyuta yako ya Windows, fungua dirisha la amri uandike:

getmac

Kompyuta inapotuma ujumbe, swichi husoma anwani hiyo na kuiandika katika jedwali lake: "Huyu yuko poti ya 3." Ni kama mgawaji wa barua anayejua kila mtu anakaa bloku gani.

Swichi isiyofungwa haimuulizi mtu chochote. Anayechomeka kebo anapokelewa, awe mwanafunzi, mgeni, au mtu mwenye nia mbaya.

2. HATARI ZENYEWE

Hatari ya kwanza ni ya mtu asiye na nia mbaya. Anakuja na ruta yake ndogo ya nyumbani, anaichomeka ili apate WiFi kwenye meza yake. Ruta ile ina tabia ya kugawa anwani za mtandao kwa kompyuta zote zilizo jirani. Kompyuta za darasa zinapokea anwani zisizo sahihi, na intaneti inapotea kwa watu ambao hata hawajui kilichotokea. Hili ndilo fundi hukutana nalo mara nyingi zaidi.

Hatari ya pili ni kula sahani ya wenzako. Mtu mmoja akichomeka kompyuta yake na kuanza kupakua filamu, laini ndogo tunayogawana inajaa. Mwenye mtihani kwenye intaneti anakwama.

Hatari ya tatu ni ya kudhuru kweli. Jedwali la swichi lina kikomo. Swichi ya Cisco Catalyst 2960, ambayo ndiyo mfano wetu leo, hukumbuka anwani zipatazo 8,000. Kuna programu zinazoweza kutuma maelfu ya anwani za uongo kwa muda mfupi sana. Jedwali likijaa, swichi haijui tena nani yuko wapi, hivyo inapeleka ujumbe kwa poti zote. Hapo aliyechomeka kompyuta yake anaweza kusikiliza mazungumzo yasiyomhusu.

Mtu anaweza kuuliza: sisi wakimbizi tuna nini cha kuibiwa? Tuna majina yetu. Tuna majina ya watoto, kijiji tulichotoka, jamaa tunaowatafuta, na sababu iliyotufanya tukimbie. Mwezi wa Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wavamizi waliingia katika seva zenye habari za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliotengana na familia zao kwa sababu ya vita, uhamaji na maafa, pamoja na watu waliopotea. Habari hizo zilikusanywa na vyama visivyopungua 60 vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu katika nchi mbalimbali. Wavamizi hao walipitia intaneti, kwenye kasoro ya programu ambayo ilikuwa haijarekebishwa, hawakuchomeka kebo. Lakini tunajifunza kwamba habari za watu kama sisi zina watu wanaozitaka, na kwamba kila mlango una umuhimu wake.

3. KABLA YA KUGUSA KIBODI: ORODHA

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua daftari, chora mistari minne: namba ya poti, kompyuta iliyopo, anwani yake ya MAC, na nani anaitumia. Kisha kaa na kamati mwamue kila poti ni ya nani. Tuchukue mfano wa swichi yenye poti 24:

- Poti 1 hadi 9: kompyuta za wanafunzi.
- Poti 10: kompyuta ya msimamizi, yenye majina na alama za wanafunzi.
- Poti 11 na 12: meza ya wageni, kwa wenye laptopu zao.
- Poti 13: kifaa cha WiFi.
- Poti 14 hadi 23: hazitumiki.
- Poti 24: ruta inayoleta intaneti.

Tazameni poti 11 na 12. Hizo hazikuwemo katika mpango wetu wa mwanzo. Zilitokana na malalamiko ya wakazi, na malalamiko hayo yalikuwa ya haki. Ukimfungia mtu mlango wote bila kumwachia hata dirisha, atatafuta njia ya kuvunja. Ukimwonyesha mahali pake, atakaa hapo kwa amani.

4. KUINGIA KWENYE SWICHI

Unganisha kompyuta na swichi kwa kebo ya konsoli. Fungua programu ya terminali, weka kasi ya 9600. Amri ni za Kiingereza kwa sababu mashine haijui lugha nyingine. Sisi tutaeleza kila moja. Anza hivi:

enable
configure terminal

Mstari wa kwanza unakupa mamlaka ya msimamizi. Wa pili unakuruhusu kubadilisha mipangilio.

Sasa tugawe chumba katika makundi. Kundi la aina hii huitwa VLAN. Ni kama kujenga kuta ndani ya nyumba moja: walio chumba kimoja hawaingii chumba kingine bila kupitia mlango.

vlan 10
name WANAFUNZI
vlan 20
name WAGENI
vlan 30
name OFISI
exit

Mlango kati ya vyumba hivi ni ruta. Kwa hiyo ukuta pekee hautoshi. Kwenye ruta ni lazima ziwekwe kanuni kwamba wanafunzi na wageni waende kwenye intaneti, lakini wasipite kwenda OFISI. Ruta isipowekewa kanuni hizo itawapitisha wote, na kuta zako zitakuwa pambo.

5. KUFUNGA POTI ZA WANAFUNZI

Hakikisha kwanza kwamba kila kompyuta iko kwenye kebo yake kama daftari linavyosema. Kisha andika:

interface range fastEthernet 0/1 - 9
switchport mode access
switchport access vlan 10
switchport port-security maximum 1
switchport port-security mac-address sticky
switchport port-security violation restrict
switchport port-security
end

Tueleze mstari kwa mstari.

Mstari wa kwanza unachagua poti 1 hadi 9 kwa pamoja. Wa pili unasema poti hizi ni za kompyuta za kawaida. Usiuache: swichi hukataa kufunga poti ambayo bado inajiamulia aina yake, na itakujibu kwamba amri imekataliwa. Wa tatu unaweka poti kwenye kundi la wanafunzi.

Wa nne unasema kompyuta moja tu kwa kila poti. Wa tano unaiambia swichi iikariri anwani ya kompyuta ya kwanza itakayotuma ujumbe, iiandike kama ya kudumu. Hapa kuna hatari: swichi haijui nani ni mwenyeji. Inaamini aliyewahi. Ndiyo maana tumesema kila kompyuta iwe mahali pake kabla ya kuanza.

Wa sita unaamua adhabu, nasi tutaurudia hapo chini. Wa saba ndio unaowasha ulinzi wenyewe. Wanafunzi wengi huandika mistari mingine yote na kuusahau huu, kisha wanashangaa kwamba kila mtu anaingia. Bila mstari huo, mingine ni maneno matupu.

Mwisho, hifadhi:

copy running-config startup-config

Kwetu amri hii ni muhimu kuliko mahali penye umeme wa uhakika. Mipangilio ya poti uliyoandika inakaa kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika. Usipohifadhi, betri za sola zikiisha usiku, asubuhi swichi itaamka ikiwa imesahau ulivyozifunga poti.

6. ADHABU TATU

Kompyuta ngeni ikichomekwa kwenye poti iliyofungwa, swichi inaweza kufanya moja kati ya mambo matatu:

protect: Inautupa ujumbe wa mgeni kimyakimya. Haihesabu wala haitoi taarifa. Fundi hatajua kitu.

restrict: Inautupa ujumbe wa mgeni, inahesabu kosa na kutoa taarifa. Poti inabaki hai. Mwenyeji akirudisha kebo yake anaendelea na kazi papo hapo, bila kumwita fundi.

shutdown: Inazima poti yote. Hata mwenyeji akirudi hapati kitu mpaka msimamizi aifungue. Usipochagua chochote, swichi huchagua hii.

Sisi tuliacha hii ya tatu kwenye poti zote, na mmeshasoma yaliyotupata. Kwa chumba cha darasa, ambamo fundi hayupo kila saa, tunashauri restrict. Mgeni hapiti, na mwenyeji hapotezi siku yake. Kwa poti ya msimamizi yenye majina ya watu, tunashauri shutdown: afadhali ofisi ikae bila mtandao saa moja kuliko mtu asiyejulikana aendelee kujaribu bahati yake. Poti 10 basi itakuwa:

configure terminal
interface fastEthernet 0/10
switchport mode access
switchport access vlan 30
switchport port-security maximum 1
switchport port-security mac-address sticky
switchport port-security violation shutdown
switchport port-security
exit

7. POTI ZA WAGENI, WIFI NA ZILE TUPU

Poti za wageni tunaziwekea kikomo cha kompyuta moja, lakini hatuiambii swichi ikariri. Kwa njia hiyo inampokea yeyote aliyechomeka, na akichomoa kebo anwani yake inafutika. Anayefuata anapokelewa bila shida. Asichoweza ni kuchomeka swichi nyingine ndogo na kuleta wenzake watano.

interface range fastEthernet 0/11 - 12
switchport mode access
switchport access vlan 20
switchport port-security maximum 1
switchport port-security violation restrict
switchport port-security
exit

Kifaa cha WiFi ni jambo jingine. Simu zote zinazopitia kifaa hicho huonekana kwenye poti moja, kila simu na anwani yake. Ukiweka kikomo cha moja, WiFi itakufa papo hapo. Weka kikomo kikubwa, na uiambie swichi iwasahau wasiotuma kitu kwa dakika 10, ili waliotoka wawaachie nafasi wanaoingia:

interface fastEthernet 0/13
switchport mode access
switchport access vlan 20
switchport port-security maximum 40
switchport port-security aging time 10
switchport port-security aging type inactivity
switchport port-security violation restrict
switchport port-security
exit

Poti zisizotumika zizimwe. Hili ni jambo rahisi kuliko yote na wengi hulisahau:

interface range fastEthernet 0/14 - 23
shutdown
exit

Poti ya 24 inayokwenda kwenye ruta tusiifunge kwa anwani. Inabeba makundi yote matatu:

interface fastEthernet 0/24
switchport mode trunk
exit

8. KUZUIA WAGAWAJI WA ANWANI WA UONGO

Mnakumbuka ile ruta ndogo ya hatari ya kwanza. Swichi inaweza kuambiwa kwamba mgawaji halali wa anwani yuko poti ya 24 peke yake:

ip dhcp snooping
ip dhcp snooping vlan 10,20,30
no ip dhcp snooping information option
interface fastEthernet 0/24
ip dhcp snooping trust
end
copy running-config startup-config

Ukisahau mstari wenye neno trust, swichi itamkataa hata mgawaji halali, na hakuna kompyuta itakayopata anwani mpya. Kwa hiyo usifanye kazi hii darasa likiendelea. Ifanye mapema, kisha zima na kuwasha kompyuta moja uone kama inapata anwani.

9. KUFULI LA SWICHI YENYEWE

Kufunga poti zote na kuiacha swichi bila neno la siri ni sawa na kufunga mlango na kuning'iniza ufunguo ukutani. Mahali palipoandikwa NENO weka neno lako mwenyewe, refu, tofauti kwa kila mtu:

configure terminal
enable secret NENO
username fundi1 secret NENO
username fundi2 secret NENO
line console 0
login local
exec-timeout 5 0
line vty 0 15
login local
transport input none
end
copy running-config startup-config

Mafundi ni wawili, kila mmoja na jina lake. Neno la enable wanalijua wote wawili. Dakika 5 bila kugusa kitu, swichi inajifunga. Mistari mitatu ya mwisho kabla ya end inazuia mtu kuiendesha swichi kutoka mbali. Kwa chumba kimoja hiyo inatosha: anayetaka kuigusa aje mwenyewe na kebo ya konsoli. Mahali penye majengo mengi fundi atahitaji kuingia kutoka mbali, na hapo atumie SSH peke yake, tena kutoka kwenye kompyuta ya msimamizi tu.

Swichi iwe ndani ya kabati lenye kufuli la chuma. Anayeweza kufikia kitufe cha mbele cha swichi hii na waya wa umeme anaweza kuiwasha upya na kuyapita maneno yote ya siri. Kufuli la kwanza bado ni lile la dukani.

10. POTI IKIFUNGIKA, FANYA HIVI

Usihamishe kebo. Tunarudia: usihamishe kebo. Kompyuta iliyokaririwa kwenye poti moja ikihamia poti nyingine iliyofungwa ya kundi lilelile, swichi huihesabu kuwa mkosaji pia. Badala yake tazama kwanza:

show port-security
show port-security interface fastEthernet 0/7

Utaona hali ya poti, idadi ya makosa, na anwani ya mwisho iliyotuma ujumbe. Linganisha anwani hiyo na daftari. Kama kompyuta imebadilishwa kwa halali, futa anwani ya zamani:

clear port-security sticky interface fastEthernet 0/7

Kompyuta mpya itakaririwa mara tu itakapotuma ujumbe. Kama poti ilikuwa imezimika, izime kwa mkono kisha uiwashe:

configure terminal
interface fastEthernet 0/7
shutdown
no shutdown
end

Hifadhi, kisha andika kwenye daftari: tarehe, poti, sababu, na jina lako. Kazi yote haizidi dakika tano. Ni dakika tano hizo zilizokosekana siku ile.

11. KUFULI HILI LINA MIPAKA

Tusidanganyane. Anwani ya MAC inaweza kuigwa. Mwenye ujuzi akiiona anwani ya kompyuta ya darasa anaweza kuiweka kwenye laptopu yake, na swichi itamwona kama mwenyeji. Simu nazo, tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, kwa kawaida hutumia anwani ya kubuni kwenye kila WiFi, kwa hiyo kuandika orodha ya simu za watu kwa anwani hizo hakufai. Kwenye ofisi zenye vifaa zaidi hutumika utaratibu uitwao 802.1X, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 2001, ambao humtaka mtumiaji mwenyewe ajitambulishe kabla ya poti kufunguka. Unahitaji seva yake ya kukagua majina.

Hata hivyo kufuli dogo si bure. Linazuia ruta za kuletwa, swichi za kuunganisha na anwani za uongo za maelfu. Yaliyobaki yanazuiwa na kurekebisha programu kwa wakati, na macho ya mtu wa zamu anayejua nani anakaa meza ipi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini poti ya WiFi haiwekewi kikomo cha kompyuta moja?
2. Umeme umekatika na kurudi, na swichi imesahau anwani zote. Ni amri gani haikuandikwa?
3. Kompyuta mpya haipati mtandao kwenye poti ya 7. Jambo gani usifanye?
4. Kuna tofauti gani kati ya restrict na shutdown kwa mwenyeji wa poti?

Majibu: (1) Kwa sababu kila simu huonekana kwenye poti hiyo kwa anwani yake. (2) Ile ya kuhifadhi, copy running-config startup-config. (3) Usihamishe kebo kwenye poti nyingine. (4) Kwa restrict mwenyeji akirudi anaendelea na kazi. Kwa shutdown anasubiri msimamizi.

KWA WAKAZI WOTE

Ukija na laptopu yako, kaa meza ya wageni, kebo ya 11 au ya 12. Ukikuta meza nyingine haina mtandao, usichomoe kitu. Mwite mtu wa zamu. Majina ya mafundi wawili wa wiki yamebandikwa mlangoni, na katika kila wiki mmoja wao haruhusiwi kutoka kambini. Kanuni hii haimo ndani ya swichi. Tuliiweka wenyewe, baada ya yaliyompata yule dada.